Faida ya kahawa huanzia kwenye mche, si mnadani

Mfanyabiashara wa kahawa anapofungua ofisi asubuhi huuliza mambo matatu: bei ya arabika New York, bei ya robusta London, na dola inauzwa shilingi ngapi. Akishapata majibu hupiga hesabu ya usafiri, magunia, ukoboaji na riba ya benki, kisha huamua atanunua kwa bei gani. Ni wachache sana wanaouliza swali la nne, ambalo ndilo linaloamua kama miaka mitano ijayo kutakuwa na kahawa ya kununua: mkulima amepanda mche wa aina gani, na nani aliupima?

Wengi huliona swali hilo kuwa la mabwana shamba, lisilomhusu mwenye fedha. Huko ni kujidanganya. Katika biashara ya kahawa ya Afrika Mashariki hakuna uamuzi unaogusa gharama, wingi wa mavuno na usalama wa mikopo kuliko uamuzi wa kupanda mche wenye ukinzani wa magonjwa ya ukungu au usio nao. Uamuzi huo hufanywa mara moja, na mwenye shamba huishi nao kwa miaka 20, 30 au zaidi.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu ya bei. Desemba 2001 arabika iliuzwa New York chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na wakulima wengi walitelekeza mibuni yao. Februari 2025 bei hiyo hiyo ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Bei ya namna hiyo huwatoa watu mijini na akiba zao kwenda kutafuta mashamba. Haraka inapokuwa kubwa, miche ya kila aina hupata mnunuzi, na hapo ndipo hasara ya kesho inapopandwa.

Ugonjwa unaokula mtaji

Adui mkubwa wa arabika katika miinuko ya Afrika ni chulebuni, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu viitwavyo Colletotrichum kahawae. Uligunduliwa Kenya mwaka 1922, ukaingia Tanzania katika miaka ya 1960 na kufika Ethiopia mwaka 1971. Hadi leo haujavuka mipaka ya Afrika, kwa hiyo mkulima wa Brazili au Kolombia hana gharama hii ambayo mwenzake wa Kilimanjaro, Mbinga au Nyeri anayo kila mwaka.

Chulebuni hushambulia tunda changa, lingali la kijani. Doa dogo jeusi hutokea, likabonyea na kutanuka, na tunda likaanguka au likakaukia tawini likiwa jeusi kama kaa. Ugonjwa huu hupenda baridi na unyevu, yaani maeneo yale yale ya juu yanayotoa kahawa yenye ladha nzuri na bei nzuri. Katika msimu wa mvua nyingi, shamba lisilopigwa dawa laweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Ndugu yake ni kutu ya majani, ambayo huzidi katika maeneo ya chini yenye joto. Hii ndiyo iliyoingia Ceylon, sasa Sri Lanka, mwaka 1869 na kuua kilimo cha kahawa cha kisiwa hicho hata wakulima wakahamia kwenye chai. Wanaodhani ugonjwa wa mimea hauwezi kufuta biashara nzima ya nchi wanapaswa kukumbuka Ceylon.

Dawa ipo. Mrututu na dawa nyingine za ukungu hufanya kazi, mradi zipigwe kwa wakati, kila baada ya wiki tatu au nne katika kipindi chote cha hatari. Tatizo ni gharama. Dawa hununuliwa kwa fedha za kigeni, huhitaji bomba, maji na vibarua, na mvua ikinyesha mara baada ya kupiga, sehemu ya fedha huoshwa nayo. Kwa mashamba yaliyopandwa aina za zamani, kupambana na magonjwa haya kunaweza kuchukua takriban asilimia 30 ya gharama zote za uzalishaji.

Mambo yalivyobadilika baada ya soko huria

Kabla ya wafanyabiashara binafsi kuruhusiwa kununua kahawa Tanzania katika msimu wa 1994/95, mkulima alipata dawa kwa mkopo kupitia chama cha ushirika. Deni lilikatwa kwenye malipo ya kahawa, kwa kuwa hakukuwa na mnunuzi mwingine. Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi, ikiwemo ucheleweshaji wa malipo, lakini dawa ilifika shambani.

Soko lilipofunguliwa, mkulima aliyekopa dawa ushirika aliweza kuuza kwa mnunuzi binafsi aliyekuja na fedha taslimu. Ushirika ukashindwa kukusanya madeni, mikopo ikakauka, na mnunuzi binafsi naye hakuwa tayari kukopesha dawa halafu mwenzake aje kubeba kahawa. Kila mmoja alifanya lililo la busara kwake, na matokeo yake mibuni ikabaki bila dawa. Bei zilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, aliyekuwa na uwezo wa kununua dawa naye akaona haimlipi.

Funzo la miaka hiyo ni la kibiashara. Kinga inayotegemea mkulima kuwa na fedha taslimu kila baada ya wiki chache itaanguka kila bei inapoanguka. Kinga iliyomo ndani ya mti wenyewe haiulizi bei ya New York.

Hesabu ya wakulima wawili

Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu rahisi. Wakulima wawili wana ekari moja moja ya mibuni inayozaa sawasawa. Wa kwanza ana aina ya zamani. Gharama zake kwa mwaka ni Sh. 1,000,000, na kati ya hizo Sh. 300,000 ni za kupambana na ukungu. Wa pili ana aina yenye ukinzani. Bado anahitaji mbolea, palizi, uchumaji na dawa ya wadudu, lakini gharama zake ni Sh. 750,000.

Kila mmoja akiuza kahawa ya Sh. 1,200,000, wa kwanza anabaki na Sh. 200,000 na wa pili Sh. 450,000. Bei ikishuka kwa robo, mauzo yanakuwa Sh. 900,000. Wa kwanza anapata hasara ya Sh. 100,000, wakati wa pili bado ana faida ya Sh. 150,000.

Sasa wa kwanza anaamua kuacha dawa ili aokoe Sh. 300,000. Gharama zinashuka hadi Sh. 700,000, lakini chulebuni inachukua nusu ya mavuno na mauzo yanakuwa Sh. 450,000. Hasara yake imepanda hadi Sh. 250,000. Mwaka unaofuata atang'oa mibuni apande migomba au mahindi, na hakuna wa kumlaumu.

Mnunuzi aliyejenga kiwanda cha kumenya au kukoboa kahawa katika kata hiyo anapaswa kuitazama hesabu hii kwa makini. Mitambo yake, mlinzi wake na riba yake havipungui kahawa inapopungua. Kiwanda kinachopata nusu ya kahawa kilichokusudia hubeba gharama zile zile kwa kila mwezi, na kila kilo humgharimu zaidi. Bei ya dunia ikipanda baadaye, mwenye kiwanda hatakuwa na cha kuuza, kwa sababu mbuni unaopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu.

Upimaji unavyofanyika

Zamani mtafiti aliyetaka kujua kama mbuni una ukinzani wa chulebuni ilimpasa aupande, angoje miaka mitatu au minne hadi uzae, kisha aangalie matunda yake katika misimu kadhaa. Kwa maelfu ya miti, hiyo ni ardhi kubwa, mishahara mingi na nusu ya maisha ya mtu kazini.

Mlipuko mkali wa chulebuni nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 ulilazimisha njia mpya itafutwe. Mwaka 1971 mpango maalumu wa kuzalisha aina zenye ukinzani ulianza katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, karibu na Nairobi. Mwaka 1976 Van der Vossen na wenzake walitangaza njia ya kupima miche ikiwa bado michanga mno, yenye umri wa wiki sita hivi.

Mbegu huoteshwa kwenye mchanga. Shina changa linapokuwa limesimama kama njiti ya kiberiti na majani bado hayajafunguka, hupuliziwa maji yenye mbegu za ukungu, takriban milioni mbili katika kila mililita. Miche hufunikwa ili unyevu ubaki, na huwekwa mahali penye ubaridi wa nyuzi karibu 20. Baada ya kama wiki tatu kila mche hupewa alama, kuanzia 1 kwa usio na dalili yoyote hadi 12 kwa uliokufa. Iliyoathirika hutupwa, na iliyosimama hupelekwa shambani kwa majaribio zaidi.

Mche wenye ukinzani hauna dawa ya siri ndani yake. Ukungu unapoingia, mmea hujenga haraka tabaka gumu la gamba kuzunguka kidonda na kukizuia kisiendelee. Uwezo huo hujionyesha kwenye shina changa kama utakavyojionyesha kwenye tunda, na ndiyo sababu majibu ya wiki chache huweza kuaminiwa badala ya kungoja miaka. Kwa lugha ya kibiashara, huu ni uchambuzi wa awali unaochuja miradi mibovu kabla haijala mtaji.

Pamoja na njia hiyo ya mkato, safari haikuwa fupi. Aina ya Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, miaka 14 baada ya mpango kuanza. Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, ilitolewa mwaka 2010. Upande wa Tanzania, kazi iliyoanzia katika kituo cha Lyamungo, kilichofunguliwa mkoani Kilimanjaro mwaka 1934, ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2005 taasisi hiyo imetoa aina chotara zenye ukinzani wa chulebuni na kutu ya majani, kadhaa kati yake zikiwa na damu ya N39 na KP423, zile aina za zamani ambazo wakulima wanazijua vizuri na ambazo hazina kinga.

Mwekezaji azingatie urefu wa miaka hiyo. Aina itakayookoa mashamba miaka 15 ijayo ni ile ambayo fedha zake zinatolewa sasa. Bajeti ya upimaji ikikatwa leo, hakuna atakayeona pengo msimu ujao wala unaofuata. Pengo huonekana wakati ambao aliyekata bajeti ameshastaafu.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanunuzi wanaosema kahawa yenye ukinzani haina ladha. Hoja hii ina historia yake. Sehemu kubwa ya ukinzani uliotumika inatokana na chotara wa Timor, mmea uliojizalisha wenyewe katika kisiwa hicho kutokana na arabika na robusta. Ruiru 11 ililaumiwa kwa sababu hiyo, na bado wapo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaoitafuta SL28, aina iliyochaguliwa nchini Kenya katika miaka ya 1930 kutokana na mibuni iliyotoka Tanganyika, na ambayo chulebuni huishambulia vibaya.

Hata hivyo, wazalishaji wa mbegu walilisikia soko. Batian ilichaguliwa pia kwa ladha yake, kwa kurudisha kwa wingi damu ya SL28 na SL34. Aidha, katika biashara ya kawaida kahawa hupangwa kwa ukubwa wa punje, uzito na kwa kuonjwa, na aliye mezani haoni mti ulikotoka. Ladha huharibiwa zaidi na uchumaji wa matunda mabichi, uchachushaji mbaya na uanikaji wa chini kuliko na aina ya mbuni. Anayetaka SL28 halisi ana haki ya kuipata, mradi alipe bei inayofidia dawa na hatari anayobeba mkulima. Kudai ladha ya SL28 kwa bei ya kahawa ya kawaida ni kumtaka mkulima agharimie starehe ya mnywaji.

Hoja ya pili ni kwamba ukinzani haudumu. Hii ni kweli, na haifai kufichwa. Kutu ya majani ina koo nyingi. Kituo cha Oeiras nchini Ureno, kilichoanzishwa mwaka 1955 kuchunguza kutu ya kahawa, kimetambua zaidi ya 50. Nchini Honduras aina ya Lempira, iliyopandwa kwa wingi kwa sababu ya ukinzani wake, iligunduliwa karibu mwaka 2017 kuwa imeanza kushambuliwa na kutu. Wakulima waliokuwa wameacha dawa kwa kuiamini walijikuta bila kinga.

Lakini hoja hiyo inatetea upimaji badala ya kuupinga. Bima hulipwa kila mwaka, na aliyelipa mwaka jana hawezi kudai fidia ya mwaka huu. Vimelea vikibadilika, aina zilizopo zinapaswa kupimwa upya dhidi ya koo mpya, na aina zenye vyanzo kadhaa vya ukinzani ziandaliwe kabla chanzo kimoja hakijavunjika. Watafiti wa Ruiru walilijua hilo mapema, wakachanganya ukinzani kutoka kwa chotara wa Timor, Rume Sudan na K7 badala ya kutegemea mmoja.

Pale ambapo dawa haipo kabisa

Anayedhani upimaji ni anasa na atazame upande wa robusta. Mwaka 1993 mnyauko fuzari uliripotiwa magharibi mwa Uganda. Ugonjwa huu huziba njia za maji ndani ya mti, majani yakanyauka na kuanguka, na mbuni mzima ukafa. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Mkulima hubaki na kazi ya kung'oa na kuchoma. Katika kipindi cha takriban miaka 10 Uganda ilipoteza karibu nusu ya mibuni yake ya robusta, na ugonjwa ukavuka hadi mkoa wa Kagera.

Mauzo ya kahawa ya Uganda nje ya nchi yalikuwa magunia zaidi ya milioni 4 ya kilo 60 katika msimu wa 1996/97. Katika msimu wa 2005/06 yalikuwa karibu milioni 2. Bei mbaya ilichangia, lakini mti uliokufa haurudi bei inapopanda. Kilichorudisha matumaini ni upimaji: maelfu ya miche iliambukizwa kwa makusudi, michache iliyosalia ikapelekwa shambani, na kutokana nayo zikapatikana aina za KR zenye ukinzani. Nchini Tanzania kazi kama hiyo ilifanyika Maruku, karibu na Bukoba.

Ngano nayo inatoa ushahidi. Aina kali ya kutu ya shina iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu mwaka 2005, kituo cha Njoro nchini Kenya, kwa kushirikiana na shirika la CIMMYT, kimekuwa kikipokea mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za Asia, Amerika na Afrika ili zipandwe mahali ugonjwa ulipo na zijulikane zitakazosimama. Nchi ambazo Ug99 haijafika zinagharimia upimaji kabla moto haujafika kwao. Inashangaza kwamba wafanyabiashara wa kahawa walio ndani ya nyumba inayoungua hutaka mtu mwingine alete maji.

Mlango ulio mwembamba

Ukweli mwingine ni kwamba upimaji peke yake hautoshi. Kikwazo kikubwa kimekuwa ni kuzalisha miche kwa wingi. Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua kwa ua, na kwa miaka mingi mbegu zake hazikutosheleza mahitaji. Aina za TaCRI huzalishwa zaidi kwa vikonyo kutoka bustani mama, kazi inayohitaji maji ya uhakika, kivuli na uangalifu. Batian huweza kuzalishwa kwa mbegu za kawaida, na hiyo ni faida yake kubwa.

Uhaba huo ndio unaofungua mlango kwa miche ya ovyo. Mtu huokota mbegu chini ya mbuni chotara wa jirani, huotesha na kuuza kando ya barabara kwa jina la aina bora. Mnunuzi hajui kuwa mbegu za chotara hazizai watoto wanaofanana na mzazi. Baadhi watakuwa na ukinzani, wengine hawatakuwa nao, na kwa macho ya kawaida miche yote ni ya kijani na inapendeza. Wahenga walisema rahisi ghali. Aliyeokoa shilingi chache kwa kila mche atagundua kosa lake mwaka wa tatu, mzao wa kwanza utakapogeuka mweusi tawini. Wakati huo ameshalipia ardhi, mbolea, palizi na pengine riba.

Kilicho mikononi mwa wenye fedha

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka ekari mbili au tatu, hatua ya kwanza haigharimu kitu. Aulize mwenye kitalu vikonyo au mbegu zake zilitoka bustani mama ipi, aombe risiti yenye jina la aina, na akishindwa kupata jibu aondoke. Ni vyema pia apande aina zaidi ya moja, kwa sababu ile ile inayomfanya mwenye akiba asiweke fedha zake zote katika hisa za kampuni moja. Anayenunua hisa za kampuni inayolima kahawa, kama zilivyopo katika soko la Nairobi, naye ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya mashamba ina miti yenye ukinzani na ni sehemu gani bado inategemea dawa.

Kwa mnunuzi mwenye kiwanda, biashara ya vitalu ni nafasi iliyo wazi. Kukopesha dawa kila msimu kulishindikana kwa sababu deni lilijirudia kila mwaka na mkulima aliweza kulikimbia kila mwaka. Mche ni mkopo wa mara moja. Hata kama sehemu ya wakulima haitalipa, mti utabaki katika kata hiyo kwa miongo, na kahawa yake italazimika kumenywa na kukobolewa mahali fulani. Mnunuzi anayetoa huduma nzuri na bei ya haki ana nafasi kubwa ya kuipata.

Kwa wadau wote wa sekta, suala la nani alipie upimaji linapaswa kumalizwa bila kuzungushana. TaCRI iliundwa kama chombo cha wadau kwa kutambua kwamba serikali peke yake isingeweza kubeba mzigo huo. Anayenunua, anayekoboa, anayesafirisha na anayekopesha wote hula kutokana na mti mmoja. Mkulima peke yake hawezi kugharimia utafiti wa miaka 14, na hakuna kampuni moja itakayoufanya, kwa kuwa faida yake humfikia hata mshindani ambaye hakuchangia. Makato madogo katika kila kilo inayouzwa, yenye hesabu zinazotangazwa hadharani, ndiyo njia ya haki kuliko zote. Wafanyabiashara wana haki ya kudai kuona fedha hizo zimepima miche mingapi na zimezalisha mingapi. Hawana haki ya kukataa kulipa kisha walalamike kahawa imepungua.

Mvua za kupandia zitakuja, na bei nzuri imeshawavuta wengi. Swali la nne linaweza kuulizwa kabla mashimo hayajafukiwa. Likiulizwa baada ya hapo, jibu litakuja peke yake katika mwaka wa tatu, na aliyekopesha atalipata siku moja na aliyepanda.